Disketi Iliyofukizwa Uunsi

Neno lililetwa kwa Maka na Shamso, muuza maziwa na jirani yake wa mtaa wa Iftin, pamoja na maziwa ya ngamia. Eti Fowsiya binti Maka hutembea na kitu cheusi mkobani, na kila kompyuta anayoitia kitu hicho hunyonywa majina ya watu wa chakula cha msaada, kisha majina yanauzwa Nairobi. Maka alicheka, akafunika maziwa. Lakini neno lilimganda kama kupe, halikubanduka.

Ulikuwa mwaka uliofuata mafuriko makubwa. Fowsiya alifanya kazi katika ofisi moja ya msaada mjini Garissa, na kile kitu cheusi kilikuwa disketi. Alikwisha kumweleza mama yake: ndani mna programu ndogo za kupima mtandao, za bure, aliyezitengeneza ameruhusu kila mtu anakili. Huziweki zikae ndani ya mashine. Unachomeka disketi, kompyuta moja inabisha hodi kwa nyingine; ikijibiwa, waya ni mzima; isipojibiwa, unatafuta palipokatika. Maka, aliyeishia darasa la saba, alielewa vizuri. Hofu ya jicho la watu haikumtoka.

Jumatatu asubuhi, Fowsiya akiwa anaoga, Maka aliitoa disketi mkobani. Kwetu kila kinachopendwa hufukizwa: shuka, nywele, mtoto mchanga. Akailaza juu ya dabqaad, chetezo cha udongo, akatia uunsi, udi wa kufukizia, kwenye makaa, akasoma sura za kinga. Alipoiinua, plastiki ilikuwa imepinda. Akajiambia itanyooka. Akairudisha mkobani na kunyamaza.

Siku hiyo hiyo mtandao wa ofisi ukafa. Orodha ya familia za mgao wa Alhamisi ilikuwa kwenye kompyuta ya Fowsiya, mashine ya kuchapa ilikuwa chumbani kwa mkubwa wake, Bwana Ogle, na kati yao kimya. Fowsiya akatoa disketi apime, ikakataa kuingia. Ogle, ambaye uvumi ulikuwa umemfikia, akaitazama plastiki ile, akasema asiye na hatia hachomi disketi yake mwenyewe. Akampa hadi Jumatano adhuhuri aonyeshe kilichokuwamo, au arudishe kitambulisho cha kazi.

Aliposimulia nyumbani, Maka aliweka birika chini.

"Ni mimi, binti yangu. Niliifukiza."

Fowsiya akamgeukia mama yake. "Umefukiza plastiki, hooyo? Bora ungenifukiza mimi."

Nakala nyingine ilikuwapo, kwa Hirsi, mwalimu wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera aliyewahi kuinakili. Fowsiya hakuweza kuondoka kazini, angeonekana ametoroka. Maka akasema atakwenda yeye. Fowsiya akamkumbusha majambazi wa njiani. Maka akajibu kwamba msafara wa polisi upo, na aliyeharibu ndiye anayetengeneza.

Jumanne alipanda lori. Barabara ilikuwa bado na mashimo ya mafuriko, akafika mwili mzima vumbi. Hirsi akamtania, huku akimwita shangazi.

"Eeddo, safari yote hii kwa kitu cha bure?"

"Cha bure ndicho kitakachomfukuzisha kazi mwanangu. Nitilie kwenye disketi mbili."

Maka alizifunga kwa kitambaa, akazitia ndani ya mkebe mkavu wa maziwa ya unga. Hirsi alimwonya juu ya jua, vumbi, na sumaku ya spika. Maka alilala kwa jamaa yake huko, na Jumatano akarudi na msafara, mkebe mapajani. Dereva alipotaka kuuweka karibu na spika ya redio, alikataa katakata.

Saa tano na nusu aliingia ofisini na vumbi lake. Akamwambia Ogle, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba aliyeichoma disketi ni yeye, na sababu ni maneno ya sokoni. Kisha akaketi.

Fowsiya alifungua disketi Ogle akiwa begani kwake. Hapakuwa na jina hata moja la mtu. Akapima. Kompyuta ya stoo ilijibu. Ya Ogle haikujibu. Wakaufuata waya ukutani hadi chumbani kwake, nyuma ya kabati la chuma alilolisogeza mwenyewe Jumatatu ili kupisha feni. Mguu wa kabati ulikuwa umekaa juu ya waya na kuukata.

Ogle alishika kabati upande mmoja, Fowsiya upande wa pili. Waya mpya ukatolewa stoo, hodi ikajibiwa, na orodha ikaanza kuchapwa.

Karatasi ya kwanza ilitoka imekunjamana. Maka akaiomba, akaandika nyuma yake kwa mkono wake, na jioni akampelekea Shamso awasomee akina mama wauza maziwa:

Usiweke disketi karibu na makaa, hata kwa nia njema.
Usiiweke juani, kwenye vumbi, wala karibu na spika.
Usibaki na nakala moja tu.
Usiguse mkoba wa mtoto bila kumwuliza.
Ukiharibu, usinyamaze.
Usisogeze kabati kabla ya kutazama waya.
Usipokee neno pamoja na maziwa.