Kopo la Bunduki Nne

Zilibaki siku tisa msimu wa kuwinda hirvi ufunguliwe, na Oiva Karppinen alikuwa bado anapiga mistari kwa rula.

Tellervo, mkewe kwa miaka thelathini na minane, alisimama kando ya jiko na birika la kahawa mkononi, akamtazama utosini. Daftari lilikuwa lile lile la jalada la bluu, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu mezani. Ndani yake mliandikwa makopo kumi na saba, na mbele ya kila kopo uzito wake kwa gramu, urefu wake kwa milimita, upana wa tundu lake na aina ya hesi, zile nyuzi za skrubu zinazolifunga kwenye mdomo wa mtutu. Kopo ndilo jina ambalo wawindaji wa mkoa wa Kainuu wamekipa kile kizuia sauti cha bunduki, maana ukikiona ni kopo jeusi refu tu. Kila mwindaji wa kijiji alikuwa nalo. Hata mchungaji wa kanisa alikuwa nalo. Ambaye hakuwa nalo ni Oiva, aliyejua habari za makopo kuliko wanaoyauza.

"Leo tatizo ni lipi?" Tellervo akauliza.

Oiva akageuza ukurasa.

"Nasema, leo tatizo ni lipi!"

"Ee? Hesi," Oiva akasema, akainua macho. "Hili la kumi na mbili lingefaa kabisa. Lakini tuna bunduki nne, Tellervo. Ile ndogo ya mbweha ina hesi zake, ile ya kila siku ina zake, ya tatu ndiyo usiseme. Na tundu likiwa la kutosha ile kubwa, basi kwa ile ndogo ni pana mno, sauti yote inapita. Halafu kila ukilihamisha kopo, risasi inakwenda kwingine, unaanza kulenga shabaha upya."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka jana lilikuwa suala la uzito."

Tellervo akamimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani, na hakuifuta. Alikuwa amechoka na mtu huyu hadi kwenye kucha. Ukimwita chakula, haji. Ukimwambia funga mlango wa ghala, anaitikia "ee, ee" na mlango unabaki wazi usiku kucha. Miaka hii mitatu alikuwa amejitia kiziwi kiasi kwamba Tellervo alizoea kusema kila jambo mara mbili, ya kwanza kwa heshima na ya pili kwa hasira.

Hata hivyo daftari angelivumilia. Mtu ana haki ya upuuzi wake kwenye meza yake mwenyewe. Ila chini ya meza hiyo alikuwa amelala Halla, na suala la Halla halikuwa na muda wa rula.

Halla alikuwa mbwa jike wa miaka minne, wa rangi ya kijivu, mkia umekunjwa mgongoni. Kazi yake ni kumtafuta hirvi msituni, yule mnyama mkubwa mwenye pembe pana kama koleo, kisha kumsimamisha kwa kumbwekea hadi bwana wake afike. Tellervo ndiye aliyemlea, akamfundisha, akalala naye kwenye sakafu ya jikoni majuma mawili ya kwanza. Msimu uliopita Oiva alitoka na ile bunduki kubwa, ikiwa haina chochote mdomoni, akapiga mara tatu hatua nne tu kutoka kichwani kwa Halla. Baada ya risasi ya tatu mbwa alikimbilia chini ya gari, na hakutoka mpaka alipovutwa kwa mkanda. Tangu siku hiyo hata mlango wa sauna ukijibamiza, anatetemeka.

Kiongozi wa kundi lao la wawindaji alikuwa amesema bila kuficha: Halla akikimbia tena siku ya kwanza ya msimu, hatapelekwa tena kuwinda. Binamu mmoja wa jijini Oulu alishasafisha nafasi kando ya sofa yake, ghorofa ya nne. Mbwa aliyezoea kukimbia kilomita arobaini kwa siku, ghorofa ya nne. Tellervo alipolifikiria hilo alitamani kuvunja kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kimekaa mbele yake kinachonga penseli.

Akavaa koti, akatoka, akawasha gari.

Ketola, fundi na muuza bunduki wa mjini, alikuwa peke yake dukani akila mkate wa iliki juu ya kaunta. Alipomwona Tellervo akaacha kutafuna.

"Usiniambie amekutuma na swali lingine," akasema.

"Sijatumwa. Nimekuja kununua kopo."

"Asante Mungu. Mama, mumeo ananimaliza. Mwezi wa tatu nilimwazima makopo matatu akajaribu uwanjani. Moja ni pole sana. La pili ni la watu wasiojali masikio yao, linabamiza kama mlango wa ghala. La tatu liko katikati. Mtu yeyote akipiga risasi moja moja anajua. Kesho yake karudisha yote. Namwuliza, lipi limekufaa? Ananiuliza gramu. Namwuliza, sauti je? Anasema yote mazuri."

"Yote mazuri," Tellervo akarudia.

"Miaka ishirini nauza vitu hivi, hakuna aliyewahi kuniambia yote mazuri. Wengine wanagombana hapa mpaka natoa maji ya kunywa. Nikamwambia, Oiva, iache hiyo kubwa, chagua kwa ile unayoitumia kila siku. Akasema hapana, lazima liingie kwenye zote nne. Nikachoka."

"Umechoka wewe," Tellervo akasema. "Wewe unamwona mara moja kwa mwezi."

Ketola akacheka, akatoa makopo matatu kwenye kabati. Hesi zote ziliendana na bunduki ya kila siku. Akayafunga kwenye taulo, akasema arudishe mawili Jumatatu. Tellervo akayaweka kwenye kiti cha mbele cha gari na kuyafunga mkanda, maana alikuwa hamwamini mtu tena, hata breki.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alipiga honi hadi Oiva akatokea barazani akiwa na soksi tu.

"Chukua ile ya kila siku, na umlete Halla," akamwambia. "Twende uwanjani. Utapiga, utachagua, tutarudi. Usipochagua utarudi kwa miguu."

"Nilikuwa nataka kwanza kulinganisha hesi za—"

"Oiva."

Akavaa viatu.

Uwanja wa shabaha wa kijiji ulikuwa kwenye shimo la zamani la changarawe, na mchana huo haukuwa na mtu. Tellervo alimpeleka Halla mbali, penye kona ya barabara, akakaa naye kwenye majani makavu na soseji mfukoni. Mbwa aliiona bunduki ikitolewa kwenye mfuko wake, akajibana kwenye paja la Tellervo na kuanza kutetemeka. Tellervo akamshika shingoni. Akamlaani Oiva kimoyomoyo, kwa majina yake yote matatu.

Kopo la kwanza. Mlio ukaja mfupi, mzito, umekatwa. Halla akainamisha masikio, kisha akayainua. Akaitazama soseji. Akaila.

"Vipi?" Tellervo akapiga kelele kutoka konani.

Oiva akageuka, akainua dole gumba.

Kopo la pili lilibamiza kweli kama Ketola alivyosema, mlio ukagonga ukuta wa changarawe na kurudi. Halla akalala chini kifudifudi. Soseji ikaanguka kwenye majani. Tellervo mwenyewe alishtuka.

"Hilo je?"

Dole gumba tena.

Tellervo akamfunga Halla kwenye mti na kuteremka shimoni akiwa amekunja ngumi ndani ya glavu. Yaani mtu anadharau kiasi hicho. Mbwa anakwenda kutupwa ghorofani, mkewe amekaa kwenye baridi, na bwana mkubwa anainua dole gumba kwa kila kitu ili mradi arudi kwenye daftari lake. Alipofika nyuma yake, Oiva alikuwa ameweka bunduki mezani, ameshavua vifuniko vya masikio, anajipapasa mifukoni.

"Oiva, hilo la pili lingemwamsha babu yako kaburini, na wewe unasema zuri?"

Oiva akatoa leso, akapenga kamasi.

"Unanisikia?"

Akaikunja leso, akairudisha mfukoni, akainama kuokota maganda ya risasi. Alikuwa hatua mbili tu mbele yake. Alikuwa akipiga mbinja kidogo, bila wimbo.

Tellervo akazifungua ngumi ndani ya glavu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuomba chumvi: "Oiva, sauna yetu inaungua."

Oiva akaokota ganda la pili, akalipuliza mchanga.

"Inaungua na ghala pia. Na mimi naolewa na Ketola."

Ganda la tatu hakuliona, lilikuwa limejificha chini ya mguu wa meza, akawa analitafuta kwa kiatu. Tellervo alihisi hasira yake yote ya miaka mitatu inamtoka chini ya miguu, akabaki hana cha kushikilia. Akazunguka meza, akasimama mbele yake. Oiva akashtuka.

"Umesema kitu?" akauliza.

"Tangu lini?"

Oiva alikuwa amemtazama mdomo alipokuwa akisema. Tellervo aliliona hilo sasa, na akakumbuka kwamba amekuwa akitazamwa mdomo siku nyingi, akidhani ni mapenzi ya uzeeni.

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe, Oiva. Nimesimama hapo nyuma nimekuunguzia nyumba nzima."

Oiva akakaa kwenye benchi. Akayachezea maganda kiganjani.

"La kushoto limekwisha," akasema. "La kulia linasikia ukiwa karibu. Nilikwenda kupimwa Machi. Ni bunduki, daktari alisema. Miaka arobaini bila kitu masikioni."

"Mimi nikadhani una kiburi."

"Kiburi kipo pia."

"Kwa nini hukusema, mtu wewe?"

"Niseme nini? Mwenye mbwa asiyesikia mbwa ana kazi gani msituni? Wangeniweka kwenye kigoda na chupa ya chai, pamoja na wazee." Oiva alikuwa na miaka sitini na saba, lakini Tellervo alimwachia hilo. "Mwezi wa tatu nilipiga makopo yote matatu. Nikapiga na bunduki tupu. Tuf, tuf, tuf, tuf. Nitachaguaje kitu nisichokisikia? Gramu angalau naziona."

"Na ile kubwa? Kwa nini ulimpigia Halla na ile kubwa?"

Oiva akaangalia kule konani, mbwa alikokuwa.

"Ndiyo pekee niliyobaki nikiisikia," akasema.

Tellervo alitaka kumpiga kwa kofia. Aliivua kabisa, akaishika, kisha akaivaa tena. Alikuwa na uchungu na mwanamume huyu, uchungu mwingi kuliko alivyowahi kuwa nao, na katikati ya uchungu huo alimwonea huruma hadi macho yakamwasha. Vyote viwili havikukubali kupishana.

"Sikia," akasema, akajirekebisha: "Nitazame. Halla akiwa msituni utabeba bunduki ngapi?"

"Moja."

"Ipi?"

Oiva akaigusa ile ya kila siku.

"Basi ndiyo hiyo inayovaa kopo. Zile nyingine tatu zikae kabatini zikilinganisha hesi zenyewe. Na wewe huchagui. Mimi sichagui. Nakwenda kukaa na yule mwenye masikio."

Akapanda tena hadi konani, akafungua kamba, akakaa na mbwa kifuani. Oiva akapiga kopo la tatu. Halla akajikunyata, akaigeuzia soseji mgongo. Oiva akalirudia la kwanza. Mlio mfupi, mzito. Halla akageuka kutafuta mkono wa Tellervo, akakuta kipande cha soseji, akakila akiwa amesimama. La kwanza tena, na Tellervo akasogea karibu hatua ishirini. Tena, hatua nyingine ishirini. Walipofika ukingoni mwa shimo mbwa hakuwa akitetemeka. Mkia ulikuwa umerudi mgongoni. Kunguru akaruka kutoka juu ya msonobari, Halla akapiga hatua mbele, akainua kichwa na kumbwekea, mara tano, sita, kwa hasira ya kazi.

Oiva aliweka bunduki chini, akaja hadi karibu nao. Alikuwa anamtazama mbwa mdomoni.

"Anabweka?"

"Anabweka. Hilo la kwanza ndilo letu. Na siku msimu ukifunguliwa nitatoka nawe, nikusikilizie. Supu ya kundi watapika wenyewe, wana mikono."

Oiva akaitikia kwa kichwa. Halla akanyamaza, kisha akaanza tena. Oiva akakuna kidevu, na alipozungumza alikuwa akimtazama yule kunguru.

"Sauti yake ikoje?" akauliza. "Ya Rihma mama yake naikumbuka. Ya huyu sijawahi kuisikia vizuri."

Tellervo akafungua mdomo amweleze. Ni nyembamba, angesema, halafu inapasuka mwishoni. Na hiyo ingemsaidia nini? Akaangalia barabarani huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akamshika Oiva begani, akamvuta chini, akaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, na yeye, mwanamke wa miaka sitini na minne, mweka hazina wa kwaya ya kanisa, akabweka.

Oiva akayafumba macho.

"Tena," akasema.

Akabweka tena.