Chavua ya Kinyozi

Mzee Rangi alikuwa ameandika mabango ya nusu ya maduka ya mji, na mkono wake haukuwahi kutetemeka hata akiwa juu ya ngazi upepo ukivuma. Ulianza kutetemeka baada ya kustaafu, siku kinyozi wa jirani, mgane anayenukia manukato tangu asubuhi, alipochungulia juu ya wigo na kumwita mke wa mzee.

"Shemeji, njoo uone. Airisi yangu ya zambarau imefunguka."

"Shemeji kwa undugu gani?" Mzee Rangi aliuliza, ila aliuliza ndani ya kikombe cha chai, na kikombe hakikumjibu.

Mkewe alikuwa mkunga. Alipokosa watoto wa kuwapokea aligeukia maua, na chini ya dirisha la jiko alikuwa na airisi moja nyeupe aliyoipenda kama kitinda mimba. Majani yake yalisimama kama panga. Ua lenyewe lilikuwa na petali tatu zilizosimama na tatu zilizoning'inia kama ndimi, na juu ya kila ulimi mstari wa vinyweleo, mithili ya ndevu.

"Ua lenye ndevu," alisema kinyozi, "halikosi kunihitaji."

Mkunga alicheka mpaka akafuta macho kwa upande wa khanga. Mara ya mwisho kucheka hivyo kwa sababu ya mumewe, ngazi ilikuwa imevunjika naye akaangukia ndoo ya rangi ya kijani.

Mkunga aliomba kipande cha tunguu la ile zambarau, maana airisi ina shina nene linalolala udongoni kama tangawizi, na ukikata kipande ukakipanda unapata ua lile lile.

"Kipande sitoi hata kwa mama mzazi," kinyozi alisema. "Leo kiko kwako, kesho kiko mtaa mzima. Lakini chavua nitakupa. Tuiweke kwenye nyeupe yako, tupate mbegu. Mbegu haimfuati mama wala baba, kila moja huja na sura yake. Miaka mitatu, shemeji, tutaona tumezaa nini."

Tumezaa. Neno hilo lilimwingia Mzee Rangi kama kibanzi chini ya ukucha.

Jioni ile mkunga alilifungua tumba la nyeupe lililokaribia kuchanua, akang'oa kwa kibanio vijiti vyake vya chavua lisije likajizalisha lenyewe, akalivika mfuko wa karatasi kuzuia nyuki na kuufunga kwa uzi. Kinyozi angeleta chavua kesho, akishanyoa wateja wake wa mwanzo.

Kesho yake, mke akiwa bafuni, Mzee Rangi alitoa brashi yake ndogo kuliko zote, ile ya kuwekea nukta. Nyuma ya nyumba, karibu na bomba, kulikuwa na airisi nyingine, ya manjano iliyofifia yenye ndevu za rangi ya kutu, waliyoikuta walipohamia. Maisha yake yote ilikuwa imekunywa maji ya kuoshea vyombo, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mwenzake kuja kuitazama. Mzee Rangi aliiendea kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa upande wake. Aliikung'uta chavua kwenye brashi, akaufungua mfuko wa ile nyeupe, akapaka pale ambapo mkewe alikuwa amemwonyesha kinyozi kwa kidole, kisha akaufunga tena. Mkono haukutetemeka.

Kinyozi alifika na chavua yake ndani ya kiberiti. Mkunga aliutazama ule mfuko kidogo, akaufungua. Kazi ikafanyika, chai ikanywewa, na kinyozi akajimiminia sukari kana kwamba iliota shambani kwake.

"Sasa tungoje mimba," alisema.

"Mimba haina haraka," mkunga akajibu.

Tunda lilivimba. Mzee Rangi alipita mbele yake kila siku kama mshitakiwa anayepita mbele ya mahakama. Lilipokauka na kupasuka, mkunga alizifunga mbegu kwenye kitambaa kibichi akaziweka ndani ya friji, kwa kuwa mbegu ya airisi haiamki mpaka ionje baridi. Zikalala kando ya maziwa ya mzee, naye akawa anakunywa chai ya rangi bila kutoa sababu.

Zilipoota kama majani membamba, aliazimia kuzichukia. Lakini angeng'oa ipi? Alipoinama hakuweza kujua ipi ni yake na ipi ni ya yule bwana. Basi akazitunza zote. Akazimwagilia maji, akapalilia, akafukuza kuku, akayafukua matunguu yaote jua mgongoni yasije yakaoza. Huku akikagua majani kama anayetafuta sura ya ukoo kwenye uso wa mtoto mchanga.

"Kaka," kinyozi aliita juu ya wigo, "watoto wetu wanaendeleaje?"

"Watoto wa nani?"

"Wangu na wa shemeji."

"Mlezi ndiye anayejua njaa yao," alisema Mzee Rangi, akamgeuzia mgongo.

Mwaka wa tatu matumba yakachomoza. La kwanza kufunguka lilikuwa zambarau, nzito kuliko ya kinyozi. Kinyozi hakuchungulia safari hii. Alizunguka akaingia kwa lango kama mwenye nyumba.

"Damu yangu hiyo! Tazama kidevu, shemeji."

Mkunga alipiga makofi. Walisimama bega kwa bega, vichwa vimeinama pamoja, na Mzee Rangi akajikuta ameshika mpira wa maji, maji yakimwagikia viatu vyake.

"Kaka, utaniandikia bango," kinyozi aliendelea. "Nilitundike kibandani kwangu, watu wajue ua hili ni la nani. Bei ya ujirani."

Asubuhi iliyofuata Mzee Rangi alitoka na mkasi. Umande ulikuwa haujakauka. Aliinama juu ya zambarau, akalishika shina.

"Ukikata, kata vizuri," sauti ya mkewe ilisema kutoka mlango wa jiko. "Usiache kisiki."

Akasimama. "Nilikuwa naangalia wadudu."

"Kwa mkasi." Alikuja mpaka ukingoni mwa tuta. "Mzee wangu, mimi nimefunga vitovu tangu ujana wangu. Fundo langu nalijua hata nikiwa nimefumba macho. Asubuhi ile niliukuta mfuko umefungwa kama kamba ya kiatu."

Mzee Rangi aliutazama mkasi kana kwamba ndio uliomsaliti. "Na hukusema?"

"Niseme nini? Chavua yako nikaiacha, ya kinyozi nikaiweka juu yake. Wakagombane huko ndani."

"Kwa nini?"

"Tangu ustaafu ulikuwa hubanduki kwenye kiti chako cha ndani. Nikasema, kama wivu ndio utakaomtoa nje, na umtoe. Umenipa miaka mitatu ya tuta lisilo na gugu." Alianza kurudi jikoni, akageuka. "Kitanda hakizai haramu. Udongo ni wetu. Na lile tumba la pembeni usiliguse."

Hakukata. Lakini msidhani alipona. Tumba la pembeni alilichungulia kila alipopita, na siku lilipofunguka alivuta kiti akakaa mbele yake. Halikuwa jeupe wala la manjano. Lilikuwa na rangi ya moshi, pindo zake za dhahabu, na ndevu za kutu, zile zile za ua la bombani. Alikuwa amechanganya rangi maisha yake yote na hajawahi kuipata hiyo. Mkewe alikuja akaweka mkono begani mwake. Alilitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama zambarau, na mzee aliliona hilo.

Kinyozi akajitokeza juu ya wigo. Macho yake yalikwenda kwenye zambarau, yakarudi kwenye ua jipya.

"Hii nayo imetoka wapi? Nyeupe na zambarau hazizai hivi."

"Mbegu haimfuati mama wala baba," alisema Mzee Rangi. "Maneno yako hayo."

Kinyozi alijikuna kidevu. "Nzuri," akasema. Kisha, kwa shida, kama anayeng'olewa jino, "Nzuri kuliko ile. Kaka, tunguu likinenepa utanikatia kipande."

Mkunga alimtazama mumewe. Mumewe alifuta kiganja kwenye suruali bila haraka yoyote.

"Kipande sitoi hata kwa mama mzazi. Lakini wewe ni jirani. Mbegu nitakupa."

"Mbegu ni miaka mitatu, kaka."

"Uziweke kwenye friji lako."

Kisha akamwuliza mkewe, kwa sauti iliyovuka wigo, kama chai ya watu wawili iko tayari.