Radi Hazeeki

Kazini, binti wa mzee Radi aliitwa Mtoa Roho. Yeye ndiye aliyekuwa akiwazeesha wachezaji katika gemu la kompyuta la besiboli walilokuwa wakilitengeneza yeye na wenzake. Mrushaji akivuka miaka thelathini na kitu, binti humpunguzia kasi ya mpira; mpigaji humpunguzia macho, mkimbiaji magoti. Hakuwa na mswalie Mtume.

Ila mrushaji mmoja hakumgusa. Alimpa jina la utani la baba yake, Radi, maana enzi zake baba naye alirusha besiboli hadi wapigaji wakakosa usingizi. Radi wa kwenye gemu alikuwa amekula chumvi nyingi, na bado alirusha kama kijana. Binti alikuwa ameandika kanuni ya siri: huyu asizeeke. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo. Baba alipohangaika kuvaa koti, bega la kulia likigoma, binti alijifanya anatafuta funguo. Alijiambia kwamba kumsaidia ni kumvunjia heshima. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mama alishatangulia mbele ya haki, na mzazi aliyebaki ni huyu mmoja tu.

Jumamosi moja alimletea baba gemu ili alijaribu. Mzee akacheza pale sebuleni, msimu baada ya msimu, akishangilia kila Radi aliporusha. Kisha akausimamisha mchezo.

"Huyu Radi ana miaka mingapi sasa?"

"Arobaini na minne, baba."

"Na mpira wake bado unawaka moto?"

"Si unajua, Radi ni Radi."

Baba akavua miwani. "Mwanangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wenzake wote wameshastaafu. Kabaki na watoto wasiomjua, hana hata wa kutaniana naye. Sasa huko kushinda kuna raha gani?"

Binti alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Sitaki kukupunguza, baba."

"Nilishapungua zamani, mama. Wewe tu ndiye hujaniruhusu."

Basi akafungua kompyuta, akaifuta ile kanuni, wakaanza upya. Safari hii Radi alichoka taratibu. Kasi ilipomtoka, akaanza kurusha mipira ya polepole yenye hila, na vijana wakapiga hewa. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwone mzee mjanja!" Halafu ikafika siku ambayo hila nazo hazikutosha. Kocha akamtoa uwanjani, na kwenye benchi wenzake wakasogea wakampa nafasi akae katikati yao.

Baba akainuka.

"Twende tukanyooshe miguu."

Akachukua koti, akaingiza mkono wa kushoto. Hapo akasita, akamgeuzia binti yake mgongo.

"Haya, mama. Nisaidie na huu."

Funguo zilikuwa mezani, mbele ya macho yao wote wawili. Binti akaushika mkono wa kulia wa baba yake, akauingiza polepole.