Ukumbi wa Vigae Milioni

Fundi vigae na mkewe walikuwa na mchezo wao. Wakiona namba popote, getini au ubavuni mwa lori, mke huuliza, "Vigae hivyo vinaenea chumba gani, kisibaki hata kimoja?" Kumi na mbili ni chumba cha tatu kwa nne. Kumi na tatu haikubali, inapangika mstari mmoja tu. Hiyo waliiita korido.

Namba ya mwisho ilikuwa ya kadi ya hospitali ya mke: 1,022,117. Alianza kuigawa akiwa amelazwa kwenye benchi koridoni, maana wodini vitanda vilikwisha. Alifika kumi na tisa, bado inabaki. "Utamalizia wewe," akasema, kama anayemwachia mtu sufuria jikoni. Kesho yake akafia pale pale benchini. Wakubwa wa hospitali walitoa pole kwa barua. Barua nzuri, ina hata muhuri.

Tangu hapo fundi akitoka kazini huketi mlangoni na penseli yake, akagawa nyuma ya maboksi ya vigae, namba mbili kila jioni, akiziruka za shufwa na zinazoishia na tano. Shule aliishia darasa la nne, mkono mzito. Alitaka kitu kimoja tu: isiwe korido. Ile ya hospitali ilitosha.

Binti yake, mwalimu, alimwonea huruma. "Baba, simu inamaliza sasa hivi."

"Simu haikuachiwa. Nimeachiwa mimi."

"Haya. Ila ikizikataa zote, sisi tunaiita namba tasa."

"Wasomi mna majina mabaya. Nigawe mpaka wapi?"

"Namba ikijizidisha yenyewe ikaipita ya Mama, simama hapo."

Elfu mara elfu ni milioni, basi akajiwekea elfu. Miezi saba ikapita, akafika 999. Ikabaki mia moja na arobaini. Akaweka penseli chini, chakula hakukigusa. Hata kwenye namba wamemlaza koridoni.

Binti akapekua maboksi. "Baba, umeishia kwenye milioni? Na hizi elfu ishirini na mbili na ushee umezitupa wapi?"

Fundi akakodoa macho. Miaka thelathini anagombana na mafundi wenzake kwa kusahau vipande vya pembeni, leo kasahau yeye.

Akaokota penseli. 1001, ikabaki. 1003, ikabaki. 1007, vilevile. Kwa 1009 akashusha, akatoa, akatoa tena. Hakikubaki kitu. Elfu moja na tisa kwa elfu moja na kumi na tatu: ukumbi mzima, upande mmoja umeuzidi mwingine vigae vinne tu.

"Bibie," akaita kuelekea jikoni, kabla hajakumbuka.

Binti akainamisha kichwa. Fundi akageuza boksi, akachora kuta nne, mlango na dirisha. Chini ya dirisha akachora kitanda. Halafu, pembeni yake, kiti cha mtu wa kukaa naye.