Chachu ya Mama Mkwe

Kipande cha chachu kilikuwa kikavu, cheusi kwa masizi, na Elida alikishika kwa ncha za vidole utadhani kingemng'ata. Mama mkwe wake alikifunga katika jani la mgomba na kukichomeka darini, juu ya meko, kabla ugonjwa haujamlaza. Sasa yuko kaburini, na ndugu wameamua pombe ya kuondoa matanga ipikwe kwa chachu yake mwenyewe, si hamira ya dukani.

Elida ndiye aliyemuuguza hadi mwisho, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Kijiji kizima cha Mwandiga kilinong'ona kwamba uji wa mwisho wa marehemu ulipikwa na mkamwana. Aliyenong'ona kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Veneranda, wifi yake. Chachu isipoamka, watasema marehemu amemkataa. Ikiamka, yeye mpishi atatangulia kunywa mbele ya watu, ndiyo desturi, na macho yote yatangoja aanguke kwa hasira ya marehemu. Elida aliogopa yote mawili, na hakuwa na wa kumwambia.

Kwa woga huo alikisugua chungu kikubwa kwa sabuni mpaka kikang'aa, asije mtu akasema kilipakwa kitu. Alipika uji wa mtama na kimea, akaupoza, akavunjia nusu ya chachu, akafunika. Kesho yake hapakuwa na povu hata tone. Alitega sikio kwenye chungu, akasikia moyo wake tu.

Veneranda alifika jua likianza kuwa kali.

"Mwakeye, wifi," alisalimia.

"Mwakeye. Karibu."

Hakuketi. Alifunua chungu, akanusa, akakunja uso. "Umekiosha kwa sabuni?"

"Nilitaka kiwe safi."

"Mama alikisuuza kwa maji ya moto tu, kisha moshi. Chachu yenyewe inalala humo kwenye udongo. Sasa umeiua."

Elida aliangalia nyuma ya mlango. Chungu kidogo cha marehemu kilikuwa pale, utando umekauka ndani, hakijaguswa tangu augue.

"Nusu imebaki," alisema. "Ningetumia kile. Lakini watu watasema nimekificha na dawa ndani."

"Watu gani hao?"

"Wewe, wifi."

Veneranda alirekebisha khanga begani, akatoka bila kuaga.

Elida alitumia chungu kidogo, utando wake na yote. Kufikia alasiri kilikuwa kinachemka chenyewe bila moto, na harufu chachu ikajaa jikoni. Alilia kwa furaha, kisha hofu ikamrudia kwa nguvu zaidi, kwa kuwa sasa pombe ilikuwapo na ilipaswa kunywewa.

Siku ya kuondoa matanga, ndugu walijaa uani. Elida alipiga magoti, akavuta mrija, akameza. Walimtazama kwa muda mrefu. Alipoona bado anapumua, alifuta mrija kwa kiganja na kumpa aliyefuata, naye alikuwa Veneranda.

Veneranda aliupokea, asinywe. Aliigeuza ncha iliyopita kiganjani mwa Elida, akaikagua. Kumbe wifi aliyaamini maneno yake mwenyewe yote, tangu siku ya kwanza. Elida alitaka kumwambia aache, asijilazimishe, lakini ndugu wote walikuwa wakitazama.

Veneranda akafumba macho, akavuta.