Nakala ya Watu wa Kusini

Kiherehere changu kimeniponza. Mume wangu Arvid hakuniomba nimpangie chochote. Alikuwa hospitalini hapa mjini Duluth akipasuliwa moyo, mapafu nayo yakaleta ukorofi, akalazwa zaidi ya mwezi. Mimi nikabaki na kompyuta yake, theluji imefika dirishani, mikono inaniwasha.

Arvid anaandika riwaya za nchi isiyokuwepo, Ulmeri. Ina mito yake, wafalme wake, hata bei ya chumvi. Maelezo yake yote yalikuwa shaghalabaghala, faili juu ya faili: "Ulmeri mpya", "Ulmeri mpya kabisa", "Ulmeri usiguse". Nikaigusa. Nilikuwa karani wa mishahara kiwandani maisha yangu yote. Karatasi mbili zikipingana, moja ni ya uongo. Huku mfalme kafa vitani, kule kapaliwa na mwiba wa samaki. Huku daraja wamejenga watu wa kaskazini, kule watu wa kusini wanaapa ni lao. Nikasahihisha, nikabakiza moja, nyingine nikazifuta. Wasiwasi wa nini? Nakala zote si ziko mtandaoni!

Arvid akarudi, kakonda, kakumbatia mto kifuani ili akikohoa mshono usimuume. Nikamwonyesha folda zangu zilivyojipanga kama sahani kabatini.

"Bibie, umefanya kazi! Na ya watu wa kusini umeiweka wapi?"

"Ipi hiyo?"

"Ile wanayosimulia wao. Kitabu hiki cha mwisho ni chao. Wa kaskazini wametudanganya vitabu vitano, sasa na wenzao wajibu."

Kumbe hayakuwa makosa, walikuwa mashahidi wawili wanabishana! Nikamwambia iko mtandaoni, nikaenda kuitafuta. Hamna kitu. Folda ya huko ilikuwa inafuata hii ya nyumbani: ukifuta huku, na kule kumefutika. Hata pipa la taka la huko, linalotunza vilivyofutwa, lilikuwa limeshajimwaga lenyewe, muda wake umepita.

Nikaanza kudanganya. Leo intaneti inasumbua, kesho nywila imenitoka. Yeye ananipoza, "Taratibu, Marlys, haikimbii," na kunichemshia kahawa na kifua chake kile kibovu. Nilijiona mwizi ndani ya nyumba yangu. Mezani siku moja, tunakunywa supu, nikabwaga yote.

"Arvid, nimekuulia watu wako."

Akaweka kijiko. "Wote?"

"Wote. Nilidhani ni makosa."

Akasukuma bakuli la supu pembeni. "Ulisoma kabla ya kufuta?"

"Neno kwa neno. Ningesahihishaje bila kusoma?"

"Basi niambie ulichosahihisha."

Nikaanza. Samaki wa mfalme. Daraja. Bei ya chumvi, ambayo kusini ilikuwa mara mbili kwa sababu ya wezi wa kaskazini. Yote niliyakumbuka, maana yote yalinikera. Arvid anaandika kwa kalamu, anacheka, anashika mto wake.

"Usinichekeshe, mwanamke wewe, utanifumua mshono!"

Nikaanza kupumua.

"Na ule wimbo wa mama anayekanda mkate?" akauliza.

"Wimbo gani?"

"Mwishoni kabisa. Ni wa marehemu mama, alikuwa akiuimba jikoni. Sikuuandika pengine popote. Nilisema nikiuweka hapo hautapotea, na mwenyewe nimebaki na mstari wa kwanza tu."

Nyimbo sikusoma. Wimbo hauna tarehe wala hesabu, nikauona hauwezi kupingana na kitu, nikauruka. Na nimetoka kumwambia neno kwa neno!

"Sikuusoma, Arvid. Nisamehe."

Hakufoka. Heri angefoka. Aliandika ule mstari wa kwanza, chini yake akaacha nafasi ya mistari mitatu, akafungua ukurasa mwingine.

"Haya," akasema bila kuniangalia, "daraja lilikuwa la mawe au la mbao?"