Kilomita Kumi na Nne Kusini

Saa tatu asubuhi Roswitha Lechner alikuwa ameshachoka kama mtu aliyemaliza siku nzima. Ripoti ilitakiwa kufika kwa shirika la ndege saa sita mchana. Miaka miwili ya kazi yake ilikuwa ndani ya sentensi moja: ndege mia moja na kumi na mbili zilizobadilishiwa kimo ili zikwepe hewa yenye unyevu ziliacha michirizi pungufu kwa asilimia sitini na nne.

Michirizi hiyo si moshi. Ni barafu, na katika hewa baridi yenye unyevu huweza kudumu kwa saa kadhaa, ikatanuka kuwa wingu jembamba linalozuia joto la ardhi lisitoke. Kazi ya Roswitha ilikuwa kuitafuta kwenye picha za setilaiti na kuuliza kila mchirizi: mama yako ndege gani?

Asubuhi hiyo alitaka picha moja tu nzuri ya jalada. Akachukua ya kamera ya paani kwao, mchirizi ukiwa umekata juu ya Ziwa Ammer, kusini mwa Ujerumani. Kwenye ramani yake mchirizi uleule ulikuwa kilomita kumi na nne kusini mwa ziwa.

Akajaribu picha za siku nyingine. Kumi na nne. Nyingine tena. Kumi na nne.

"Nani amekufa?" Korbinian, wa meza ya pili, aliuliza huku akitafuna mkate wa brezeli. "Uso huo si wa Ijumaa."

"Setilaiti iko juu ya ikweta. Huku kwetu inatutazama kwa ubavu."

"Dada, hilo nalijua tangu chuo. Wingu linaonekana limesogea kaskazini, tunalirudisha kusini."

"Tunalirudisha. Na wanaotuletea picha, tangu Machi, nao wanalirudisha kabla ya kututumia." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Maelezo yao yalikuwa mstari mmoja, ukurasa wa arobaini wa mwongozo wao.

Korbinian akaacha kutafuna. "Majaribio yalianza Aprili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo michirizi ya ndege zetu..."

"Tumewapachika majirani. Njia ya ndege iliyo kusini imezaa watoto wasio wake."

"Na sisi tukajisifu kwa uzazi wa mpango."

Roswitha hakucheka. Akaendesha hesabu upya kwa ndege ishirini za mwanzo. Upungufu ukashuka hadi asilimia kumi na tisa, na kwa idadi ndogo hivyo ungeweza hata kuwa sifuri.

Profesa Thiele, mkuu wao, alisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi.

"Tupeleke ripoti, tuweke maelezo ya kosa mwishoni," alisema.

"Ukurasa wa arobaini, Profesa?"

Korbinian akaangalia dirishani.

"Roswitha, marubani wamechoma mafuta ya ziada kwa ajili yetu. Unajua nikiwaambia leo watasema nini?"

"Ndiyo. Lakini mficha uchi hazai. Mwakani watazibadilishia vimo ndege elfu moja kwa kutuamini. Kama si kweli, mafuta hayo yatachomwa bure." Sauti yake haikupanda, hakuwa na nguvu za kuipandisha. "Ripoti ikienda ilivyo, jina langu litolewe."

Profesa alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Akalipigia shirika la ndege simu mwenyewe, akaeleza kosa bila kulitaja kuwa la mtu fulani, akasikiliza kwa muda mrefu. Hatimaye akamnyooshea Roswitha simu.

"Wanataka jibu la aliyefanya hesabu."

"Kwa hiyo kukwepa hakusaidii?" sauti ya mwanamke iliuliza upande wa pili.

Hapo kulikuwa na mambo mengi ya kusema ili kumfariji mtu, na hakuna hata moja alilokuwa na ushahidi wake.

"Hatujui," Roswitha alisema. "Nipe wiki sita."

"Nne."

"Sita."

"Sita, basi."

Akarudisha simu, akaenda mezani, akafungua picha ya kwanza ya Aprili.